Umechovya Wapi?

Siku ile bado naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: siku niliyomfukuzisha kazi mzee wa watu kwa sababu nilikuwa nimepima mara kumi.

Tulia, nitakueleza. Na hiyo simu iweke chini kwanza. Najua una haraka ya kuisambaza ile habari ya Mama Kerubo wa mboga, kwamba eti anaosha sukuma wiki yake kwa maji ya mtaro. Jana ulinionyesha ukaniambia, "Shosho, ni ukweli, si unaona watu kumi wameituma?"  (Mnaniita Shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu, nami ni Mkamba, lakini mtaa wetu wa Mbotela ulishatuchanganya zamani, siwagombezi.) Hiyo kumi yako ilinigusa penye kidonda.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nikaandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area. Nikapewa koti jeupe. Wee! Nilikuwa natoka hapa Mbotela kwa miguu nimelivaa tayari, majirani walione. Kazi yangu ilikuwa kupima. Sabuni ya kipande hupikwa kwa mafuta na kostiki, ile dawa kali inayochoma ngozi. Sabuni ikiiva, kostiki yote imeshaliwa na mafuta. Isipoiva, inabaki na ukali wa kumchubua mtu. Basi mimi nilikuwa nachota kidogo kutoka kwenye tangi, nadondoshea dawa yangu ya maabara. Ikigeuka pinki, bado. Isipogeuka, tayari.

Mzee Wafula, mpishi wa sabuni, hakuwa na dawa. Alikuwa na ulimi. Alichukua sabuni kidogo kwa kijiti, akaigusisha kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Ikimuuma, bado. Alifanya hivyo tangu kabla sijazaliwa, na mimi kwa ujinga wangu nilimhesabu kuwa mtu wa zamani anayengoja kustaafu.

Jumatano moja tulitofautiana. Mimi nilipima, haikugeuka pinki. Mzee Wafula akaonja, akatema mate, akasema, "Hii haitoki. Inauma." Nikapima tena. Safi. Nikapima hadi mara kumi, kila mara safi, na kila mara kifua changu kikipanda. Nyapara akaja, maana watu wa kumimina sabuni kwenye kalibu walikuwa wamesimama bila kazi, akaniuliza mimi, si yeye. Nikampa karatasi yangu yenye alama kumi zilizojipanga vizuri.

Mzee Wafula akaniuliza swali moja tu, tena kwa upole. "Msichana, umechovya wapi?"

Nikamjibu, na hadi leo nikikumbuka nasikia haya usoni, "Mzee, sayansi haifanywi kwa ulimi."

Watu wakacheka. Nyapara naye akacheka, kisha akamwambia mzee avue buti aende nyumbani, kiwanda hakiwezi kusimamishwa na mate yake. Akavua. Akayapanga yale mabuti kando ya tangi, akaondoka na soksi tu mpaka langoni alikoacha viatu. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilikuwa nikiangalia karatasi yangu.

Ijumaa sabuni ikakatwa. Desturi ilikuwa kwamba vipande vya pembeni, visivyo na umbo, hugawiwa wafanyakazi. Nikamletea mama. Unajua nyanya yako mkuu alikuwa akifua nguo za watu. Mikono yake ndiyo iliyonisomesha. Jumamosi akafua toka asubuhi. Mchana akaniita pale bombani, akasema, "Sabuni hii inauma."

"Haiwezekani, mama. Nimeipima mwenyewe mara kumi."

Hakubishana. Alinigeuzia viganja vyake. Ngozi ilikuwa imechubuka katikati ya vidole, nyekundu, mahali pengine inatoa maji. Akaniuliza, "Na hii umeipima?"

Mwanangu, nililia. Nilimwosha kwa maji mengi, nikampaka mafuta, na muda wote huo akili yangu haikutulia. Nilikuwa naumia kwa ajili ya mama, ndiyo, lakini pia nilikuwa nataka kujua. Mara kumi! Sikudanganya. Dawa haikuwa mbovu. Sasa nilikosea wapi? Swali hilo likaninyima raha ya kula.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Dandora kumtafuta Mzee Wafula. Nilimkuta nje ya nyumba yake anarekebisha kigoda. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, nikamwambia habari ya mikono ya mama. Nilitegemea anitukane. Nilistahili. Badala yake akaacha nyundo, akanisogelea kama mtoto aliyeona mdudu mpya, akauliza tena lile swali lake. "Lakini hukunijibu. Ulichovya wapi?"

"Juu ya tangi, mzee. Pale karibu na ngazi."

"Mara zote kumi?"

"Mara zote kumi."

Akapiga kofi gotini. "Basi ndiyo hiyo! Asubuhi ile mkanda wa mashine ya kukoroga ulikuwa unateleza, nilisikia mlio wake. Kostiki ni nzito, ililala chini. Mimi nilionja ya bomba la chini. Wewe juu ulipima vizuri kabisa. Juu ilikuwa imeiva." Akanitazama. "Binti yangu, ukimuuliza shahidi mmoja mara kumi, hujapata mashahidi kumi. Umepata shahidi mmoja aliyechoka."

Nikamuuliza, na hili nililiuliza kwa udadisi wa kweli, kama ulimi wake haujawahi kumdanganya. Akacheka sana. "Huu? Huu ni mwongo mkubwa! Nikila pilipili usiku, asubuhi kila kitu kinauma. Ndiyo maana kila siku kabla ya kuonja sabuni mpya, naonja kwanza ya zamani ninayojua ni nzuri. Ikiniuma hiyo, najua mgonjwa ni ulimi, si sabuni. Wewe je, ulikuwa umeweka nini cha kukuambia kwamba umekosea?"

Sikuweka chochote. Nilikuwa nimetafuta mara kumi kitu cha kuniambia niko sawa, na nilikipata, maana nilikuwa nakitafuta pale pale nilipokiacha. Na mzee niliyemcheka kwamba hajui sayansi ndiye aliyekuwa akiifanya kila asubuhi kwa ncha ya ulimi, akianza kwa kujishuku mwenyewe.

Jumatatu nikaenda kwa nyapara kabla sijavaa koti. Nikamwambia nimekosa mimi. Akabisha, akanitajia karatasi yangu mwenyewe! Nikamwambia afungue bomba la chini, masalia ya Jumatano yalikuwa bado yamo, maana tangi halikupikiwa tena tangu mzee aondoke. Nikadondosha dawa mbele yake, ikawa pinki kama ua. Sabuni yote iliyokuwa stoo ikikauka ikarudishwa kupikwa. Mzee Wafula akaitwa kazini, akayakuta mabuti yake pale pale. Nyapara hakumwomba msamaha. Mimi nilimwomba, mbele ya wale wale waliocheka, maana aibu uliyompa mtu hadharani huwezi kuirudisha chumbani. Mikono ya mama ilikaa wiki nyingi bila kushika maji, na nyumba mbili alizokuwa akifulia zikapata mtu mwingine. Hakuzipata tena.

Lile swali ndilo lililonirudisha shuleni, na ndilo nililofundisha chuo kikuu maisha yangu yote. Majirani walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, wewe umesomea nini hasa?" Nawaambia, nimesomea jinsi tunavyojua yale tunayosema tunajua. Wanatazamana. "Na hiyo nayo ni kazi?" Ni kazi, tena haiishi. Nilikuta wasomi wakubwa wa ng'ambo wakigombana kwa vitabu vinene juu ya jambo ambalo Mzee Wafula alinieleza kando ya kigoda kilichovunjika mguu. Mwanafunzi wangu akiandika "imethibitishwa", nilimwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: umechovya wapi? Walidhani ni methali ya Kikamba.

Sasa turudi kwa simu yako. Utaniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiheshimu methali hiyo, lakini mdomo nao huponza kichwa, na safari hii kichwa kitakachoponzwa si chako, ni cha Mama Kerubo mwenye kibanda kimoja na watoto watatu. Nimesoma zile jumbe kumi kwa miwani yangu. Zote zina maneno yale yale, hata kosa la nukta ni lile lile. Ni mtu mmoja, mwanangu. Huyo aliona nini? Alikuwa amesimama wapi? Hujui. Nami sijui. Huenda ni kweli kabisa, na kama ni kweli tutamwambia uso kwa uso aache.

Nasaha yangu ndiyo hii. Usiogope kukosea, mimi nilikosea nikiwa na koti jeupe. Ogopa kutojiwekea kitu cha kukuambia umekosea. Na kabla hujamvua mtu mabuti yake, chovya chini pia.

Mola akupe akili inayouliza na moyo usioona haya kurudi kuomba radhi, na mikono inayokulea isichubuke kwa sababu ya uhakika wako.

Haya, vaa viatu. Mama Kerubo ameshafungua kibanda. Twende tukanunue mboga, tumuulize maji yake anachota wapi, kisha twende mpaka hapo atakapotaja tupaone kwa macho yetu.