Sungura wa Mia Saba

Kwa mwaka mmoja na nusu, kazi yangu ilikuwa kuvua watoto viatu. Nilikuwa mhudumu katika kiwanja cha michezo cha watoto kule Kibomet, Kitale. Palikuwa na bembea nne, treni ndogo iliyozunguka siku ilipojisikia, na lile kasri la mpira linalojazwa hewa kwa mashine, ambalo watoto wenyewe huliita baunsi. Nilikata tiketi, nikavua viatu, nikapuliza filimbi dakika kumi zikiisha, kisha nikaingia kuwatoa waliojifanya viziwi. Nilikuwa na cheti cha mambo ya hoteli, na mahali pekee nilipokitumia ni pale nilipowaambia watoto waliokuwa wakilia, "Karibuni tena."

Nililipwa mia nne kwa siku. Mwenye kiwanja, mama mmoja mcheshi aliyeshinda chini ya mwavuli akitafuna karanga, hakuona aibu kuzungumzia mshahara huo. Siku niliyomwomba aniongezee hata hamsini, alinyoosha kidole kuelekea getini. Wasichana watatu walikuwa wamesimama pale na bahasha zao za kaki, wakisubiri kuuliza kazi.

"Unaona hao? Kila wiki wanakuja wengine," akaniambia. "Mimi silipi kulingana na roho yangu. Roho yangu ni kubwa. Nalipa kulingana na hiyo laini ya getini."

Nikarudi kwenye viatu vyangu.

Hapo ndipo binti wa mama yangu mdogo, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Bungoma, aliponipigia simu.

"Ati bado uko kwa hiyo baunsi? Huku wanatafuta mtu wa kuchezesha watoto kwa gadeni. Mia saba na chakula cha mchana."

"Mia saba ya siku ama ya wiki?"

"Ya siku, bana. Kuja!"

Nilimwambia Mama kwamba nimepata kazi hotelini. Nilisema hivyo tu. Mama akayajaza mengine mwenyewe, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa likinipongeza kwa kazi ya ofisi. Sikumkanusha. Ningeanzia wapi?

Hoteli yenyewe ilikuwa kando ya barabara kuu iendayo Malaba. Meneja, mzee mnene mwenye sauti ya upole na ulimi uliogeuza r kuwa l mara kwa mara, alinipokea vizuri hata nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini analipa hivyo wakati kazi ni ile ile.

"Kazi ni moja, lakini balabala si moja," akanijibu. "Hapa wanapita watu wa safari, wa harusi, wa mikutano. Mzazi amechoka na gari, anataka kula kuku wake kwa amani. Mtoto akikaa na wewe saa moja, huyo mzazi anaagiza kuku wa pili. Kwa hivyo si mimi nakulipa. Ni balabala."

Nikaona huyu ni mtu wa kufanya naye kazi. Kisha akafungua kabati akatoa sungura.

Sungura mzima, kuanzia masikio hadi miguu, wa manyoya meupe ambayo yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya chai. Mdomo wake ulikuwa wavu, na mvaaji aliona nje kupitia hapo.

"Hii ndiyo yunifomu," akasema meneja. "Na tafadhali, sungula haongei. Watoto wakisikia anaongea kama shangazi yao, wanaogopa."

Mimi ni mtu wa baridi ya Kitale. Joto la Bungoma lilikuwa limenishinda hata nikiwa nimevaa gauni. Ndani ya sungura yule, kufikia saa sita mchana, nilikuwa nimeiva kabisa na kilichobaki ni chumvi. Watoto walinivuta mkia. Bibi mmoja alinikemea kwa jina la Yesu. Kijana wa sekondari alinitongoza kwa dakika tano nzima, na kwa kuwa sungura haongei, akaenda zake akiamini nimekubali.

Miezi miwili ikapita. Halafu Jumamosi moja likaja kundi la harusi, na katikati ya kitenge cha kijani nikaona mwendo ninaoujua tangu nizaliwe. Alikuwa Mama, pamoja na akina mama wa kanisa letu.

Nilitaka kukimbia, lakini sungura hakimbii haraka. Miguu yake ni mirefu kuliko akili yake. Nikajibanza kwenye benchi nyuma ya michongoma. Mama akaja moja kwa moja, akaketi kando yangu na kujipepea kwa leso.

"Pole, mwanangu. Hiyo nguo ni moto sana, si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Masikio yakampiga usoni.

"Mimi pia nina msichana hapa. Ako ofisini. Nimeuliza pale mapokezi wakasema hawamjui. Labda ofisi yake iko ghorofani."

Hoteli ile haikuwa na ghorofa. Nikatazama miguu yangu ya manyoya.

Mama akamwita mhudumu, akaagiza soda baridi yenye mrija, akaupenyeza mrija kwenye wavu. Ulinifikia puani kwanza, kisha mdomoni. Nilivuta soda ile yote bila kupumua. Akanisubiri nimalize, akainuka, akanikunjua mgongo kwa kiganja.

"Sasa simama wima," akasema. "Tangu ukiwa mdogo nakukataza kutembea umeinama."

Akaanza kuondoka. Nikasahau sheria zote.

"Mama!"

Watoto kumi na wawili wakageuka. "Sungura ameongea!" mmoja akapiga yowe, na wote wakatimka mbio kuelekea kwenye meza za wazazi. Mama alicheka hadi akashika mti. Meneja alikuja, akatutazama sote wawili, akatikisa kichwa. "Sungula, nenda upumzike na mgeni wako," akasema, na sikumsikia akiligusia tena jambo lile.

Tuliketi nyuma ya jikoni, kichwa cha sungura kikiwa kwenye magoti yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama akauliza.

"Wewe ndiye ulisema ofisi."

"Nilisema. Na wewe ukaninyamazia nikatangaza kanisani." Kisha, bila hasira, "Wanakulipa ngapi?"

Nilipomtajia, aliinua nyusi. Mama amelima na kuuza mahindi maisha yake yote, na mambo ya bei hayamtishi.

"Gunia langu nikiliuzia hapo Kitale lina bei yake. Nikilileta Bungoma bei inapanda, nafurahi. Halafu natoa pesa ya lori, ya makuli, ya ushuru. Mara nyingine nakuta heri ningeliuzia mlangoni. Wewe umetoa ya lori?"

Sikuwa nimetoa. Tukatoa pamoja palepale: chumba cha kupanga, maji ya mitungi, chakula cha jioni, nauli ya kwenda nyumbani. Kibomet nilikuwa nalala kwake na kula sufuriani kwake. Ile mia saba ikasinyaa mbele ya macho yangu hadi ikawa chini ya mia nne ya Kitale. Niliumia, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimejigamba nayo kwa kila mtu.

"Usinune," Mama akasema. "Angalau sasa unajua bei yako hupimwa namna gani."

Mavuno yalipoanza kwetu Trans-Nzoia, yule mama wa kiwanja alinipigia simu mwenyewe. Vijana wote walikuwa wamekimbilia mashambani kuvuna na kupukuchua mahindi, ambako siku moja ililipa kuliko kwake.

"Rudi, mwanangu. Watoto wamejaa na sina wa kuwavua viatu."

"Laini ya getini iko aje?" nikauliza.

Nikamsikia akimeza karanga. "Hakuna laini."

Nilitaja mia sita. Alisikitika kwa Kiswahili, akasikitika kwa lugha ya kwao, akafika mia tano na hamsini. Nikamwongezea sharti moja: isishuke mavuno yakiisha. Akakubali huku akiguna. Meneja wa Bungoma aliniaga kwa sahani ya kuku na barua nzuri ya kunisifu, ingawa hakuandika popote kwamba nilikuwa sungura.

Jumapili yangu ya kwanza Kibomet, Mama alifika kiwanjani na wenzake wa kanisa, akiwaambia kwa sauti kwamba mwenye filimbi ni binti yake. Walikata tiketi saba, wakavua viatu wenyewe, wakaingia ndani ya baunsi na vitenge vyao. Mwenye kiwanja alisimama na karanga zake mkononi, akisahau kutafuna. Dakika kumi zilipoisha nilipuliza filimbi. Hakuna aliyetoka.

"Puliza tena!" Mama akanipigia kelele kutoka ndani, huku akiruka. "Hatujasikia!"