Uso wa Binti wa Kinyozi

Vijana wa mtaani walimwita kinyozi wao Spiriti, kwa sababu hakuna aliyeinuka kwenye kiti chake bila kupakwa spiriti. Mteja akiruka kwa mwasho, kinyozi hucheka: "Ikiuma ujue inafanya kazi!" Alikuwa msafi, shuka zake nyeupe pe, kila kidevu na wembe wake mpya. Na katika jambo lolote la uso, hakukubali kufundishwa na mtu.

Binti yake mkubwa alikuwa na sauti. Shuleni ndiye aliyeanzisha wimbo, kwaya nzima ikamfuata. Alipoingia ujanani chunusi zikamtoka kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni. Nyingine zenye vichwa vyeupe, nyingine ngumu chini ya ngozi, zinauma hata akilaza shavu kwenye mto.

"Hunawi vizuri," baba yake akamwambia. "Huo ni uchafu."

Msichana akanawa. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka, chunusi ziko pale pale. Ndipo kinyozi alipomkalisha kwenye kiti cha wateja, akamlaza kichwa chini ya taa, akaanza kuzikamua kwa vidole gumba, moja baada ya nyingine. Machozi ya binti yalitiririka kuelekea masikioni.

"Baba, basi."

"Vumilia kidogo. Lazima uchafu utoke wote."

Mkewe alisimama mlangoni. "Baba watoto, si tumpeleke zahanati?"

"Zahanati kwa ajili ya chunusi? Watatucheka! Nyuso ndiyo kazi yangu mimi."

Alipoona hazikomi, akanunua krimu kwa mchuuzi mmoja, kikopo kisicho na maandishi yoyote. Haikuchukua muda uso ukawa laini, unang'aa. Kinyozi akatamba dukani kutwa nzima. Lakini krimu ilipoisha, uso ukawaka moto. Chunusi zikafumuka upya, nyingi kuliko mwanzo, juu ya ngozi iliyokuwa nyembamba kama karatasi.

Siku ya mashindano ya kwaya wazazi walikaa safu ya mbele. Wimbo ukaanzishwa na msichana mwingine. Binti yao alikuwa nyuma kabisa, amejificha mgongoni kwa mwenzake mrefu. Mama alimgeukia mumewe, akamtazama. Kesho yake alimshika mtoto mkono wakaenda hospitali. Kinyozi aliwafuata nyuma.

Daktari, mama wa makamo, aliugeuza ule uso taratibu kwenye mwanga. "Nani alikuwa anazikamua?"

"Mimi," kinyozi akajibu, akaeleza na habari ya krimu ya mchuuzi.

"Mzee wangu, chunusi si uchafu. Umri huu ngozi hutoa mafuta mengi, vitundu vyake vinaziba, vijidudu vinazaliana humo. Ukikamua, unavisukuma ndani zaidi. Na krimu ile inaelekea ilikuwa na dawa kali ya kuficha uvimbe. Ukiiacha, uvimbe unarudi na hasira."

Akamwandikia binti dawa ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Anawe asubuhi na jioni kwa sabuni laini, asijisugue, asiguseguse. "Mwanzoni itakukausha kidogo, usiogope. Na usikate tamaa, inaweza kuchukua miezi miwili, mitatu."

"Na haya mashimo?" kinyozi akauliza.

"Hayo ni makovu. Mngewahi, mengi yasingekuwepo."

Chunusi ziliisha polepole, kama alivyosema. Mashimo yakabaki, na kwaya binti hakuirudia. Siku hizi ni mtu mzima, anapokea simu katika kampuni moja. Akipigwa picha hugeuza shavu upande.

Mwaka jana mdogo wake naye alitokwa na chunusi. Kinyozi alikuja kugundua baada ya wiki kadhaa, alipoona dawa ya kupaka kwenye dirisha la bafu. Dada mtu ndiye aliyempeleka hospitali.

"Mbona hamkuniambia?" alimuuliza mkewe.

"Tungekuambia ili iweje?"

Yule mdogo alipona vizuri, shavu halina hata alama. Majirani wakimsifia, baba yake hufurahi, kisha furaha ile ile humchoma.

Jumapili moja alimkuta binti mkubwa uani, anaanua nguo. Akasimama karibu naye.

"Mwanangu, nilikuharibu uso."

"Nilishakusamehe zamani, baba." Alikunja shati, akaliweka kwenye beseni. "Zile chunusi hata sizikumbuki sana. Ila nilikuwa naamini kweli mimi ni mchafu. Hilo ndilo limechukua muda kunitoka."

Binti akachukua shuka kutoka kwenye kamba. Kinyozi akashika ncha ya pili, wakaikunja pamoja, na binti akaendelea na kazi yake.