Kutu Kwenye Pijo ya Chama

Mwaka wa sabini na nne, ungemuuliza mtu yeyote wa Kilema ni nani anayejua magari, angekutajia Wenseslaus, na Wenseslaus mwenyewe angekuwa wa kwanza kukubaliana naye. Alikuwa dereva wa Pijo 404 ya chama cha wakulima wa kahawa, ile yenye bodi wazi nyuma, iliyoteremsha kahawa Moshi na kupandisha mbolea, dawa za mibuni na mara mojamoja mgonjwa. Kwa ruhusa ya chama aliilaza nyumbani kwake, bandani nyuma ya nyumba. Jumapili alipitisha kapu la sadaka kanisani. Kwenye pombe ya mbege alikuwa msemaji mkubwa, na ndiye aliyewahi kutamka, kata mkononi, kwamba baba ambaye binti yake anazalia nyumbani ni baba asiyejua kufunga lango. Watu walicheka sana siku ile, na yeye alicheka kuliko wote.

Basi mwaka huo Dominika, binti yake wa pekee, alirudi kutoka shule ya bweni kabla ya likizo, na lango halikusaidia kitu.

Mtoto alizaliwa mwanzo wa masika, wa kiume, mwenye mapafu mazuri. Mektrida, mke wa Wenseslaus, alimzalisha binti yake kwa mikono yake mwenyewe, milango imefungwa. Majirani waliambiwa Dominika ana homa ya matumbo na haifai kumkaribia. Wenseslaus akakata shauri: mvua zikikatika, mtoto apelekwe Rombo kwa shangazi yake Dominika, alelewe huko kama wa huko, na hapa ionekane hapakutokea jambo. Mektrida aliendelea kukunja nepi. Dominika hakuulizwa. Hata jina mtoto hakupewa, maana jina huleta ubatizo, na ubatizo huleta watu.

Mtoto alipolia, redio iliongezwa sauti, na majirani wakashangaa jinsi Wenseslaus alivyogeuka mpenzi wa taarifa ya habari. Lakini nepi hazifunikwi kwa redio. Kuzianika nje kulikuwa sawa na kupiga mbiu, kwa sababu njia ya kwenda kanisani na mashineni inapita ubavuni mwa kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, na ua wa masale haufiki hata kifuani mwa mtu. Jikoni nako majirani waliingia bila hodi kuomba kaa la moto. Na ndani ya nyumba, katika masika ya Kilema, nguo haikauki hata ukiibembeleza.

Wenseslaus ndiye aliyegundua dawa, na alijisifia moyoni kwa akili hiyo. Jioni akirudi, injini ikiwa bado ya moto, alifungua boneti, akatandaza nepi mbichi juu ya injini, akafunga. Asubuhi zilikuwa zimekauka. Zilinuka petroli kidogo, lakini mtoto hakulalamika.

Haukupita muda Pijo ikaanza kukohoa. Asubuhi ilikataa kuwaka, na ikiwaka ilimisi, ikatikisika mpaka Himo ndipo itulie. Wenseslaus alisafisha kabureta, akalaumu petroli, akalaumu serikali kwa sauti ya chini. Hakuhusisha hata kidogo ugonjwa ule na nepi. Mwishowe gari lilizimika mlimani na shehena ya mbolea, mvua ikinyesha, na mifuko ikaloa. Sirili, katibu wa chama, ambaye siku zote walitaniana, safari hii alimwita Ndugu Dereva, na hapo Wenseslaus akajua mambo yameharibika. Alipewa amri ya kulipeleka gari Moshi, mtaa wa Majengo, kwa fundi. Likirudi na ugonjwa uleule, funguo zitakwenda kwa mtu mwingine.

Fundi mwenyewe alikuwa Jasvinder Singh, mzaliwa wa Moshi, mzee mwenye ndevu nyeupe na kilemba kilichopata mafuta ya magari tangu enzi za mkoloni. Mke wake alikuwa amefariki, na watoto wake wote walikuwa wamehamia Uingereza. Yeye alibaki na spana zake. Watu walimpenda kwa jambo moja, kwamba hakubadilisha kitu kabla ya kujua kimeharibiwa na nini.

Plagi za Pijo ile hukaa chini kabisa, ndani ya mashimo marefu. Jasvinder aliingiza spana ndefu, akazungusha. Ya kwanza ilitoka kwa kugoma, ya tatu ilitoka kwa vita. Zote zilikuwa zimevaa kutu shingoni, na kutu nyingine ilibaki mashimoni. Lakini ncha zake, zinazoingia ndani ya injini, zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Akasema injini ni nzima kabisa, ila kuna maji yanayoingia kwenye mashimo kutoka juu.

Wenseslaus, ili aonekane naye mjuzi, akasema bila shaka ni gasketi. Jasvinder alifungua rejeta, maji yamejaa. Akachomoa kijiti cha oili, oili safi, haina weupe wa maziwa unaoletwa na maji. Kwa hiyo maji hayakutoka ndani. Wenseslaus akasema basi ni mvua. Fundi alifunga boneti, akaimwagia ndoo nzima ya maji, akafungua tena. Chini palikuwa pakavu.

Akauliza kama huwa anaiosha injini. Wenseslaus aliapa kwamba hajawahi, na kwa hilo alisema kweli, kwa sababu vumbi jekundu lilikuwa limeganda kila mahali. Isipokuwa sehemu moja. Jasvinder aliinyooshea kidole: juu ya plagi palikuwa pasafi, na pembeni pamebaki utando mweupe. Aliukwangua kwa ukucha, akaunusa. Ulinuka sabuni ya mche.

Hapo ndipo Wenseslaus alipoelewa. Akatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamngoja. Fundi naye alikuwa ameinama na koleo lenye mdomo mrefu, akichokonoa shimo la tatu. Akatoa kitu kilichoota kutu, akakipangusa, akakiweka kiganjani. Kilikuwa pini ya nepi, ileile ambayo Mektrida aliitafuta wiki nzima akiwalaumu panya.

Wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi hatua chache kutoka hapo. Jasvinder aliwageuzia mgongo, akafunga kiganja.

"Wa kiume au wa kike?" aliuliza taratibu.

Wenseslaus angeweza kudanganya. Uongo alikuwa nao wa kutosha, alikuwa ameutumia tangu masika yaanze. Lakini alikuwa amechoka kupita kiasi, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lile.

"Wa kiume," alisema. "Wa binti yangu."

Akamweleza yote kwa kunong'ona, homa ya matumbo, redio, safari ya Rombo. Fundi alisikiliza huku akipangusa plagi moja baada ya nyingine. Alipomaliza alisema kwamba nepi zile zilikuwa zinatoa mvuke usiku kucha, mvuke unagonga boneti na kudondokea mashimoni, na kwamba wana bahati hazijashika moto.

"Mimi wajukuu wangu nawajua kwa picha, Bwana Wense," alisema. "Yule mdogo hata sauti yake sijawahi kuisikia. Wewe wako yuko chumbani, na unamfungulia redio asisikike."

Ilimuuma Wenseslaus, kwa kuwa haikusemwa kwa ubaya.

Jasvinder alisafisha mashimo, akarudisha plagi, gari likawaka mara moja. Halafu akaenda ukutani, akatungua bunda la waya mwembamba, akaliweka kwenye kiti cha mbele.

"Spea yake hiyo hapo," alisema. "Katibu akiniuliza, nitamwambia maji yalikuwa yanaingia kwenye plagi, na sasa hayaingii. Usinifanye mwongo."

Kesho yake jua lilichomoza, jua la kuibia kati ya mvua na mvua. Wenseslaus alifunga waya kutoka banda hadi mti wa mringaringa ulio njiani, mbele kabisa, akamwomba mkewe beseni. Mektrida alidhani mume wake amerukwa na akili. Alipomwona anaanika nepi mwenyewe, moja moja, kofia ya udereva kichwani, alikaa kizingitini akalia, na yalikuwa machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Dominika alitoka na mtoto, akasimama juani.

Wanawake waliokuwa wakienda mashineni walipunguza mwendo, wakasalimia, wakapita. Baada yao akaja Sirili, kuliangalia gari. Alilisikia likiwaka, akaridhika. Kisha akaziona nepi, akamtazama Wenseslaus, na Wenseslaus akajua wote wawili wanakumbuka maneno ya lango.

Sirili akauliza ni za mtoto wa nani. Ilikuwa rahisi sana kusema ni mgeni kutoka Rombo.

"Wa hapa," Wenseslaus alisema. "Mjukuu wangu."

Lango halikutajwa. Sirili alisogea akamtazama mtoto, akaguswa kidole na mkono mdogo, na uso wake ukalegea.

"Anaitwa nani?"

Wenseslaus alifungua kinywa, akakumbuka kwamba jina alilikataza mwenyewe, akaona aibu kuliko aibu yote aliyokuwa ameikimbia.

"Muulize mama yake," alisema.

Dominika alimwamkia katibu shikamoo, kisha akasema mtoto anaitwa Antoni. Alikuwa akimwita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sauti ya chini, redio ikiwa imefunguliwa.