Mbwa Aliyemvuta Baba

Mimi sipendi mbwa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nitamlilia huyu. Nilizaliwa kwenye milima ya Masisi, na kule kwetu mbwa alilala nje, akala ukoko wa ugali, akabwekea wageni, basi. Hakuna aliyemtoa mbwa matembezi. Kiumbe mwenye miguu minne atembezwe na mwenye miwili, kwa nini?

Kwa hiyo baba alipopata kazi ya kulinda lango la nyumba moja ya wazungu huko Himbi, mtaa mmoja wa mji wa Goma, akaja kunieleza kwamba sehemu ya kazi ni kumtembeza mbwa kando ya ziwa kila asubuhi, nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba hakucheka. Alikuwa mfugaji. Vita vilimmalizia ng'ombe wake kidogo kidogo, mpaka akabaki na fimbo tu, na ndipo tulipoteremka Goma tukapanga nyumba ya mbao mtaa wa Mapendo. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilifundisha shule ya msingi, natoka alfajiri, narudi alasiri, namkuta baba kwenye kiti kilekile mlangoni, anaangalia mikono yake. Ile kazi ya mbwa ilimwinua. Alianza tena kunyoa ndevu.

Mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa, rangi ya vumbi, na jina la kizungu ambalo baba hakujisumbua nalo. Alimwita Weye, yaani wewe tu. Wakati wa likizo nilikwenda kuwaona, nikaona aibu. Mbwa alikuwa mbele, shingo ameinyoosha, anakohoa kwa kukabwa na mkanda. Baba nyuma yake, kamba imekaza kama waya wa kuanikia nguo, kofia imekaa upande. Akina mama waliokuwa wanafua ziwani walimshangilia.

"Muzee, ni weye unatembeza imbwa, ao ni imbwa inakutembeza?"

Baba akawapungia mkono, eti.

Bosi wake, mama mmoja mzungu mwenye subira kuliko mimi, alishajaribu kumweleza mara nyingi. Siku ile aliniita na mimi, akasema kwa Kifaransa ili nimtafsirie baba. Mbwa havuti kwa ukaidi, alisema. Mwendo wake wa kawaida una kasi kuliko wetu, na mbele kuna harufu anazozitaka. Anavuta, wewe unamfuata. Basi ameshajifunza kwamba kuvuta ndiko kunakomfikisha. Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, endelea. Na mbwa akae ubavuni mwako, asiwe mbele.

Nikatafsiri yote. Baba akaitika kwa heshima, "Ndiyo, mama," na asubuhi iliyofuata akatembea nyuma kama kawaida. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilipomgombeza nyumbani, alinijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Mama," akaniita, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, "mutu anatangulia ng'ombe, anaivuta na kamba, ule ni nani?"

"Ni nani, papa?"

"Ni mwizi. Mwenye mali anatembea nyuma. Akiwa nyuma anaona yenye inachechemea, anaona yenye inabaki. Mwizi njo anavuta, sababu ng'ombe haimujue."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake, na hakuwa na nyingine. Kila asubuhi alimzoesha mbwa wa watu kuvuta, huku akidhani anamtunza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kisha mapigano yakaingia mjini. Bosi na wenzake walikuwa wameshavuka mpaka. Alimwachia baba funguo, mfuko wa chakula cha mbwa na maagizo mengi. Milio ilipoanza, baba alikuwa kwenye mapumziko yake, yuko kwetu Mapendo. Tulilala sakafuni, magodoro tumeyasimamisha ukutani kana kwamba sponji inazuia risasi. Maji yakakatika, umeme ukakatika. Baba hakuulizia maji. Aliuliza ni nani anampa Weye kula. Nilimfokea. Nilimwambia nje watu wanakufa naye ananiletea habari ya mbwa. Nilijua anawaza nini, na kusema kweli mimi nami nilikuwa na hofu yangu: yule mbwa akifa, baba atarudi kwenye kiti, na safari hii hatainuka.

Bunduki ziliponyamaza, alivaa viatu. Sikuweza kumzuia, basi nikafuatana naye.

Sitaeleza yote tuliyoyaona barabarani. Maiti zilikuwa hazijaokotwa zote. Nyingine zilifunikwa kwa vitenge au maboksi, nyingine hazikufunikwa. Na mbwa walikuwa wamezifikia kabla ya wazikaji. Mji mzima ulikuwa unanong'ona jambo hilo. Vijana walishaanza kuwaua mbwa kwa mawe na marungu, wenye bunduki kwa risasi, na hakuna aliyeuliza kama mbwa ana mwenyewe. Sikuwalaumu. Ningekuwa na rungu, ningepiga.

Huko Himbi tulikuta lango limevunjwa. Nyumba ilikuwa imebebwa yote, hata vitasa vya milango, hata ule mfuko wa chakula. Weye alitoka chini ya tangi la maji akilia, akamrukia baba kifuani. Baba akamshika masikio, akamsemesha maneno ya kuitia ndama, ambayo sikuwa nimeyasikia tangu tulipoondoka milimani. Mimi niliangalia tumbo la mbwa. Siku zote zile bila mtu wa kumlisha, na hakuwa amekonda. Baba naye aliliangalia lile tumbo, kisha akaangalia pembeni, akamfunga kamba.

Tukaanza kurudi Mapendo, mbwa mbele akivuta, baba nyuma yake, mimi nyuma ya baba na roho mkononi. Kwenye njia panda moja vijana wawili wenye bunduki walikuwa wamekaa juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano. Mmoja akasimama.

"Muzee, simama kwanza. Iyi imbwa ilikula batu?"

"Hapana," baba akasema, haraka mno. "Ni imbwa ya kazi. Iko na bwana yake."

"Sasa sababu gani inavuta vile? Imbwa yenye ilishaonja mutu inavuta. Inasikia harufu."

"Inavuta tu. Ni mimi niliizoesha."

Nikaingilia kwa sauti yangu ya darasani. Nikaeleza kwamba mbwa ana kasi kuliko sisi, kwamba amezoea akivuta afuatwe, kwamba alikuwa anavuta hivihivi hata kabla ya vita. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali. Alikuwa na adabu, na hilo linaniudhi hadi leo.

"Sawa, mama," akasema. "Muzee atangulie, na kamba ilegee. Imbwa ikimufuata pole pole mpaka pale kwa nguzo, muende na Mungu."

Baba alibaki amesimama. Tangu utoto wake hakuwahi kumpa mnyama mgongo. Nikamnong'oneza, "Papa, tangulia, nakuomba." Akampita mbwa, akalegeza kamba, akaanza kutembea kuelekea kwenye nguzo, hajui aweke wapi macho, shingo inataka kugeuka. Alitembea vibaya, kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Mbwa alimshangaa. Hakuwahi kuuona mgongo ule. Akamfuata kidogo, kwa utulivu kabisa, kamba imelala, nami nikaanza kuomba, mimi nisiyependa mbwa, nikimwomba Mungu amshike yule mnyama kwa mkono wake mwenyewe. Kisha Weye akafanya alichofundishwa. Akamzunguka baba upande wa kushoto, akarudi mahali pake mbele, akavuta.

Mlio ulikuwa mmoja.

Mbwa alianguka, kamba ikamshusha baba, akapiga goti kwenye mawe. Aliinuka mwenyewe. Kijana akaja, akaufungua mkanda shingoni mwa mbwa, akaikunja kamba vizuri, akaifuta damu kwenye suruali yake, akampa baba kwa mikono miwili, kama sote tulivyofundishwa kumpa mzee kitu.

"Pole, muzee. Kamba yako."

"Asante," baba akasema.

Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kupiga kelele kwamba hilo halishukuriwi, kwamba hata ng'ombe waliondoka hivihivi, wenye bunduki wanachukua na sisi tunaitikia. Baba alikuwa ameishika kamba kifuani, anasubiri ruhusa ya kuondoka. Kijana akanigeukia, akaniuliza kama nina neno.

Nikasema sina. Nikasema asante.