Rozi ya Nyuma ya Choo

Naandika haya nikiwa nimeinamisha kichwa ingawa chumbani hakuna mtu, maana hata nikikumbuka peke yangu masikio yanapata moto. Nilienda kwa watu kutafuta ua la kupanda, nikakaribia kurudi na mke. Na mimi nina miaka kumi na sita na ndevu tatu.

Mambo yalianzia shuleni. Kabla ya kufunga, mwalimu wetu wa kilimo alisema atakayerudi na rozi iliyoshika mizizi, aliyoipanda mwenyewe nyumbani, atakuwa kiranja wa bustani, na kiranja wa bustani humwagilia maua Ijumaa jioni, saa ile ile ya mdahalo. Wenzangu walisikia "kiranja". Mimi nilisikia kwamba sitasimama tena mbele ya watu Kizungu kikinitoroka. Siku hiyo ningekubali kupanda rozi hata juu ya jiwe, na kweli nilipofika nyumbani nilichimba shimo kabla sijajua kijiti chenyewe cha kupanda kitatoka wapi.

Kwetu, upande wa Bungoma, kuna mahindi, kuna migomba, kuna wimbi, rozi hakuna. Lakini likizo ile nilipelekwa Kiminini kumsaidia Mjomba Wanyonyi, ndugu ya mama, kupukuchua mahindi, na siku moja aliponituma Kitale kununua misumari nikapita nyumba moja yenye rozi nyekundu kuanzia barabarani mpaka mlangoni. Nikamuuliza mama aliyekuwa akipita, hapa ni kwa nani. Akasema, "Kwa Mama Rozi." Nikajiambia, si ndiyo, mtu mwenye maua mengi hivi angeitwa nani tena.

Sasa hapo, kama ningebisha hodi na kuomba kijiti kimoja, ningemaliza kwa dakika tano na leo ningekuwa naandika juu ya kitu kingine. Lakini mimi na watu nisiowajua (hata ninaowajua) hatuelewani, nikaona heri nirudi nimtafute mtu mzima aniombee. Jioni nikamwambia Mjomba hivi, na maneno yangu nayakumbuka yote:

"Mjomba, kuna Rozi mzuri nimeona karibu na Kitale. Namtaka sana, lakini naogopa kuomba mwenyewe."

Mwalimu wa Kiswahili ametuchapa sana kwa ajili ya ngeli. Rozi nzuri, naitaka. Lakini nyumbani kwetu nani anajali, kiti ni mzuri, uji ni mzuri, ng'ombe ni mzuri, na hakuna uji uliowahi kulalamika.

Mjomba aliacha gunzi likaanguka. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka vidoleni. "Baba yako anajua?"

"Hapana. Nataka nimfikishe nyumbani kwanza, baba aone mwenyewe."

"Na shule?"

"Ni kwa sababu ya shule ndiyo namtaka."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu, akasema watoto wa siku hizi wana haraka. (Niwaambie kwamba baba alikuwa ameshasema, siku atakaponisikia na mambo ya wasichana, siku hiyo hiyo navua kaptula ya shule na kushika jembe, na baba hasemi kitu mara mbili.)

Jumamosi Mjomba akavaa koti lake aliloolea, akafunga jogoo miguu, akanipa nibebe. Nikamuuliza jogoo ni wa nini.

"Kwa watu huendi mikono mitupu."

Nikaona Mjomba ana adabu nyingi mno kwa kijiti.

Mwenye nyumba, Mzee Karanja, alikuwa mtu wa mikono mikubwa aliyefanya kazi ya bustani kwa mzungu mmoja miaka mingi. Alitazama koti, akatazama jogoo, akanitazama mimi, halafu akatuonyesha viti. Mjomba akakohoa kama anaanza ibada.

"Mzee mwenzangu, kijana wetu alipita hapa akaona ua. Tangu siku hiyo halali."

Ilikuwa kweli, nikaitikia kwa kichwa. Mama Rozi akaziba mdomo, akatoka nje, na muda si mrefu wakaingia akina mama wa jirani, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakawa sita, wakakaa, wakanitazama. Nikasema moyoni, watu hawa wanaheshimu maua.

"Kijana," Mzee Karanja akasema, "sema wewe mwenyewe. Unataka Rozi?"

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kutunza?"

Jamani, kwa mara ya kwanza maishani nimeulizwa mbele ya watu swali ninalojua jibu lake. Maandishi yote ya mwalimu wa kilimo nilikuwa nayo kichwani. Ulimi ukafunguka bana, ukakataa kufungika.

"Najua. Nitamweka kwa jua, kutoka asubuhi mpaka jioni. Maji nitampa asubuhi peke yake, akilala na maji anaoza. Nitampa mavi ya ng'ombe, lakini ya zamani, yale mapya yanachoma. Na kila mwaka nitamkata."

"Utamkata?"

"Kidogo tu, mzee. Kwa kisu kikali, juu ya jicho la tatu. Asipokatwa hazai vizuri."

Bibi mmoja akahamisha kiti chake. Mjomba alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikadhani ananipongeza.

"Na akizeeka?" mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa imekonda.

"Nang'oa, napanda mwingine."

Mzee akajikaza, kama mtu aliyeamua kumaliza jambo kwa utaratibu. Sasa yeye ni Mkikuyu, l na r kwa ulimi wake ni mtoto mmoja, na sisi wa Bungoma hatuwezi kumcheka, maana kwetu hizo mbili huazimana nguo. Akasema, "Na mahari, umefikiria?"

"Mahali iko tayari, mzee. Nilichimba mwenyewe kabla sijakuja Kiminini. Nyuma ya choo."

"Mahari ya Rozi wangu," akasema polepole, "iko nyuma ya choo."

"Hapo ndipo kuna rutuba."

Kicheko kikapasuka jikoni. Akatoka msichana wa rika langu na sinia ya chai, vikombe vikigongana kwa vile alivyokuwa akitetemeka kucheka. "Baba," akasema, "muulize, huyo Rozi wake ako na miiba ama hana."

"Rozi, rudi jikoni," Mama Rozi akasema.

Rozi. Ndipo damu yote ilipohamia miguuni.

"Kijana," mzee akauliza, "si ni huyu unataka?"

Wakanitazama mama sita, Mjomba na jogoo. Nami, ambaye sijui kusema mbele ya watu, nikanyoosha kidole kwa binti wa watu nikasema, "Huyu hapana. Mimi nataka ile ya nje, ile nyekundu."

"Ati huyu hapana," yule bibi akasema. "Na nani amekuambia yeye anakutaka, na hizo magoti?"

Mabega ya Mzee Karanja yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alicheka mpaka akavua kofia akajifutia macho, kisha akasema ile ya jicho la tatu ni kweli kabisa, akatoka na kisu akanikatia vijiti sita. Rozi ndiye alinionyesha: kata mshazari chini ya jicho, pale panapochipuka, toa majani uache mawili ya juu, zika nusu ya kijiti kwenye mkebe wenye mchanga na udongo. "Na uangalie usipande kichwa chini," akasema, "kwa vile wewe mwenyewe uko hivyo." Mjomba akaulizia jogoo wake. Mama Rozi akamjibu kwamba jogoo aliyeingia na maneno kama yale hatoki.

Habari zilifika Bungoma kabla yangu. Nilimkuta baba amekaa nje, kaptula yangu ya shule imekunjwa juu ya goti lake.

"Nasikia umeoa."

Nikatoa mkebe kwenye mfuko. Siku hiyo hakuna ngeli iliyonipita. "Baba, rozi ni hii. Ni nzuri. Niliitaka, nikaiomba, nimeileta."

Baba akavitazama vile vijiti sita. "Hii ndiyo imekula jogoo wa Wanyonyi?"

"Ndiyo, baba."

Akanirudishia kaptula.

Vijiti viwili kati ya sita vilishika. Kimoja kilinipa ukiranja, na Ijumaa mdahalo nausikia kwa mbali, nikiwa na ndoo yangu. Nimeapa kwamba kitu nikikitaka nitakiomba mwenyewe, kwa ngeli yake (na akiwa mtu nitanyamaza kwanza, miaka kumi hivi). Cha pili kiko kwenye lile shimo nyuma ya choo, kimeanza kutoa majani. Mama hukimwagilia kila asubuhi, na wageni wakiuliza ni mti gani, anawaambia ni mkaza mwana wake.