Mguu Uliovimba Siku ya Kujaribiwa

Kamwene, ndugu zangu. Naitwa Elia. Namshukuru Mungu kwamba leo nasimama mbele yenu na kuvuta pumzi bila maumivu.

Nilikuwa winga wa timu moja ya Makambako. Mpira ukipigwa nyuma ya mabeki, niliufikia kabla hawajageuka. Tatizo lilikuwa msuli wa nyuma ya paja. Unachanika, napona, nacheza, unachanika tena. Mkataba ulipokaribia kuisha, viongozi waligawanyika. Mmoja alisema, "Akiwa mzima, hakuna wa kumkamata."

Mwenyekiti akamjibu, "Akiwa mzima. Lini?"

Nilikuwa nimelala ndani wiki kadhaa kwa jeraha jipya, mwalimu wa timu aliponipigia simu. "Elia, Jumamosi viongozi wanataka wakuone unakimbia, ndipo waamue."

Ijumaa kigimbi kilianza kuuma. Kilivimba, ngozi ikavutika na kung'aa, ina joto. Nikibonyeza, shimo linabaki. Nikajiambia ni msuli tu.

Asubuhi uwanjani, mchua misuli akaleta maji ya moto na dawa ya kuchulia. Mke wangu, Lusia, alikuwa amenisindikiza. Akamshika mchuaji mkono. "Kaka, usiuguse. Mguu mmoja tu ndio umevimba, hata suruali imekataa kupanda. Huyu apelekwe hospitali."

"Mama, hayo ni mambo ya timu," mwenyekiti alisema.

Niliogopa kuukosa mkataba. Nikainuka, nikakimbia.

Sikufika mbali. Kitu kilinichoma kifuani kama kisu. Pumzi ikakata. Nilipiga magoti, nikakohoa, nikaona damu kwenye nyasi.

Mwalimu alitupakia kwenye gari lake kwenda Njombe. Kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Midomo ilikufa ganzi. Lusia alinipiga mashavu. "Baba Neema, nitazame! Usifumbe macho!"

Baada ya vipimo daktari alisema, "Damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kimekwenda kwenye mapafu. Mngeuchua, mngezidisha hatari."

Nikauliza kwa shida, "Nitacheza lini?"

"Kwanza uishi."

Niliwekewa oksijeni. Nilichomwa sindano za tumboni hadi ngozi ikawa na mabaka. Kisha vidonge vya kuzuia damu isigande, miezi mingi. Nikipiga mswaki, fizi zinatoka damu. Mwenyekiti alikuja kunitazama. Akasema, "Kijana, tumesajili mwingine. Pole." Alipotoka nililia, lakini sikumlaumu. Timu inahitaji mtu wa kucheza.

Daktari aliponiruhusu, nilianza kutembea, kisha kukimbia polepole kando ya mashamba ya chai. Leo nachezea timu ndogo ya hapa Njombe, kwa mkataba wa msimu mmoja. Mara nyingi naingia kipindi cha pili. Nikichoka, nasema. Mguu ukiuma, nasema.

Asanteni madaktari na wauguzi. Asante mwalimu, uliyeendesha gari huku unalia. Asante Lusia.

Nanyi wachezaji wenzangu, mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto, hasa baada ya kulala muda mrefu, msikubali kuchuliwa. Nendeni hospitali siku hiyohiyo. Viongozi wana haki ya kuuliza kama unafaa kusajiliwa; wakikukataa, ipo timu nyingine. Neema wetu ana baba mmoja tu.