Sikio la Kushoto

Kuna duka la dawa za mifugo karibu na ninapoishi, Soweto, hapa Mbeya. Mwenye duka akifungua kopo la dawa ya kupe, harufu yake kali hunifikia barabarani, nami hujikuta nina miaka kumi tena, nimesimama bandani kwetu Kilolo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, Rehema. Mama alipewa kanisani, kwa makubaliano kwamba ndama jike wa kwanza angekwenda kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa Mama Oliva, mjane, rafiki wa mama tangu usichana wao. Rehema alipozaa jike, Mama Oliva alikuja mbio, akamfuta ndama kwa kitenge chake kipya, akampa jina Furaha. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akienda shambani alipita kuchungulia bandani, akicheka peke yake. Furaha angekaa kwetu mpaka aache kunyonya.

Kazi yangu ilikuwa masikio. Kila Jumamosi mama alinyunyiza dawa kwa bomba la mkono, lakini haikufika vizuri ndani ya masikio, na huko ndiko kupe walikojazana. Nilitakiwa kuwang'oa mmoja mmoja, niwatumbukize kwenye kopo la mafuta ya taa, kisha nipake dawa kwa kitambaa. Niliwachukia mno. Walikuwa wanene, wanang'aa kama maharage yaliyolowekwa, na nilikuwa na hakika kwamba usiku wangekuja kulipa kisasi kitandani kwangu.

Furaha alifungwa ubavu mmoja ukielekea ukutani. Sikio la kulia lilikuwa penye mwanga. Ili kulifikia la kushoto ilinibidi nijibanze kwenye samadi mpaka magotini. Jumamosi moja nikaliacha. Iliyofuata nikaliacha tena.

"Umemaliza yote mawili, Vero?" mama aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Moyoni nilijiambia: kwani huyu ndama ni wetu?

Baada ya wiki chache Furaha alikataa kunyonya. Tezi zilivimba chini ya masikio, akawa anapumua kwa shida, povu likimtoka puani. Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akampima joto, akatikisa kichwa.

"Ndigana hii, homa ya kupe. Mmechelewa kuniita."

Akainua sikio la kulia, lilikuwa safi. Akainua la kushoto, na hapakuwa na mahali pa kuweka hata ncha ya kidole.

"Nani anayeangalia masikio hapa?"

Mama alinitazama. Mama Oliva naye alikuwa pale, amekishika kichwa cha Furaha. Nikainamisha macho.

"Ni mimi, bwana mifugo," mama alisema. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Bwana mifugo alimchoma ndama sindano, lakini kesho yake mchana Furaha alikufa. Mama alipiga magoti mbele ya rafiki yake, kwenye matope. "Nisamehe, dada. Uzembe wangu."

"Inuka, dada," Mama Oliva alimwambia, naye analia. "Inuka, watoto wanatuangalia."

Rehema alizaa madume mawili, kisha hakushika mimba tena. Mama Oliva akahamia Mgololo kutafuta vibarua. Mama hakunituma tena masikioni. Aliingia mwenyewe upande wa ukuta, akipapasa kwa vidole. Mimi nilifurahi kuondolewa kazi. Nilidhani aliniamini, kwamba kweli alijilaumu yeye. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, ndipo nikaelewa kwamba siku ile alijua kila kitu, akachagua rafiki yake amchukie yeye kuliko anichukie mimi. Na aliningoja niseme. Aliningoja miaka yote.

Tulimzika mwaka jana. Mama Oliva alitoka Mgololo, amezeeka, anatembelea fimbo. Alikaa nami kwenye mkeka.

"Mama yako alikuwa na moyo wa ajabu," alisema. "Kila tulipoonana aliniomba radhi kwa ajili ya Furaha. Namwambia nilishasahau, hanisikii. Sijui kitu gani kilikuwa kinamsumbua, mwanangu."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, umekauka. Nikafungua kinywa.

"Karibu chai, mama," nikasema.